SOMO LETU: MAJI YA POMBE YASHUKE YENYEWE AU YASUKUMWE KWA PAMPU?



Leo tunasoma juu ya kazi ambayo kina mama wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaijua kuliko mwandishi wa somo hili. Ni kazi ya kupika pombe ya mtama, ya ulezi au ya muhogo. Hatutamfundisha mtu kupika. Tutasoma jambo moja tu: jinsi ya kusogeza maji na pombe kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kuvunja mgongo, bila kuungua na bila kumaliza fedha za kikundi.

Somo hili si la gongo. Gongo inakatazwa na sheria. Hata anayepika pombe ya kienyeji kwa kuuza sharti awe na kibali.

TUPIME MZIGO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Pipa la lita 200 linajazwa na ndoo 10, na maji yake yana kilo 200. Hiyo ni kupita magunia mawili ya mahindi ya kilo 90.

Sasa tuhesabu kazi ya mpishi. Anainua ndoo kisimani na kujitwisha. Anafika nyumbani, anaitua. Anaiinua tena kumimina sufuriani. Uji ukipoa na kuiva, anaunyanyua tena kuupeleka kwenye pipa la kuchachia au la kuchujia. Ukiacha kule kutua, kila ndoo imeinuliwa mara tatu. Kilo 200 mara 3 ni kilo 600, kwa pipa moja tu! Ndiyo maana wengine wanauliza: je, tununue pampu?

Swali ni zuri. Lakini tusikimbilie jibu.

MAJI YANAJUA KUSHUKA

Maji yakiwa juu yanashuka yenyewe. Hayadai dizeli wala umeme. Wataalamu wa maji wanaita njia hii mserereko. Weka pipa la maji mahali pa juu, litoboe karibu na chini, funga koki na mpira, maji yatashuka mpaka sufuriani.

Pipa liwekwe juu kiasi gani? Wengi wanadhani juu sana ndiyo vizuri. Sivyo. Pipa la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 90. Ukiliweka juu ya jukwaa la mita moja na nusu, mdomo wake utakuwa juu ya kichwa chako. Nani atapanda na ndoo ya kilo 20 kulijaza?

Tazama jambo hili. Mama anayetoka kisimani, maji yake tayari yako juu. Yako kichwani! Kosa letu ni kuyatua chini halafu kuyainua upya. Basi jenga jukwaa la sentimita 60 au 70. Mdomo wa pipa utafika karibu na kichwa cha mtu mzima. Weka jiwe pana la kukanyagia mbele yake. Mama afike, akanyage jiwe, amimine moja kwa moja, na mwenzake amsaidie kuinamisha ndoo. Koki itakuwa juu ya mdomo wa sufuria iliyo mafigani, kama mafiga si marefu. Pima kwanza kwa kamba kabla ya kujenga.

Jukwaa lijengwe kwa mawe. Mara hatukosi mawe. Nguzo za miti huliwa na mchwa, na kilo 200 zikianguka karibu na moto wenye watu, hilo ni balaa. Jukwaa lisiwe sambamba na moto kabisa. Mpira wa mita mbili unatosha kufikisha maji. Mpira wenyewe usigusane na sufuria ya moto.

Kama maji yanatoka polepole, usikimbilie kuinua pipa. Ukitaka yatoke kwa kasi mara mbili, itabidi uliinue mara nne. Ni afadhali ubadilishe koki na mpira. Mpira wenye upana mara mbili una tundu kubwa mara nne.

Mwenye nyumba kwenye mteremko ana bahati zaidi. Pipa la maji likae ngazi ya juu, jiko ngazi ya kati, mapipa ya kuchachia ngazi ya chini. Hapo kila kitu kinashuka.

Na paa la bati je? Paa liko juu kuliko jukwaa lolote, na mvua inafika pale bila kubebwa na mtu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la mita 6 kwa mita 8 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 itatoa lita 480. Nyingine itapotea, tuseme ubaki na lita 400. Hayo ni mapipa mawili, na ndoo 20 ambazo hakuna aliyezibeba! Maji ya mwanzo yamwagwe, maana yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege.

UJI HAUPITI KWENYE MPIRA

Hapa ndipo pombe yetu inapotofautiana na bia ya kiwandani. Bia ya kiwandani huchujwa machicha mapema, kwa hiyo pampu zinaisukuma bila taabu. Pombe yetu ni uji mzito wenye unga na machicha ya kimea. Ukiupitisha kwenye mpira mwembamba, utaziba. Ukiupitisha kwenye pampu, utaziba na kuiharibu, na mabaki yatakayobaki ndani yataoza na kuchachusha vibaya pombe ya safari ijayo.

Kwa hiyo mserereko au pampu ni kwa vitu viwili tu: maji, na pombe iliyokwisha kuchujwa. Uji wenyewe utatekwa kwa kata. Lakini acha upoe kwanza! Hilo unalifanya hata hivyo, kwa sababu kimea kikitiwa ndani ya uji unaochemka kinakufa na pombe haiwi tamu. Uji ukiwa vuguvugu, unalinda kimea na unalinda ngozi yako. Wanawake wawili kunyanyua sufuria inayochemka na kutembea nayo ni jambo la kuachwa kabisa, hasa pale watoto wanapocheza.

Pombe iliyochujwa unaweza kuihamisha kwa mpira mtupu bila koki. Usinyonye kwa mdomo. Mate yana vijidudu. Jaza mpira maji yaliyochemshwa, ziba ncha zote kwa vidole, tumbukiza ncha moja ndani ya pipa la juu, shusha nyingine kwenye chombo cha chini, halafu achia. Itatiririka mpaka uinue ile ncha ya chini.

NA PAMPU JE?

Pampu si adui. Ina mahali pake. Tuliona katika nchi yetu: mwaka 1971 serikali iliweka mpango wa kumfikishia kila mwananchi maji karibu katika miaka 20. Visima vilichimbwa, mashine za dizeli zikafungwa. Vijijini mashine nyingi zilisimama, kwa sababu dizeli ilikosekana, au kipuri kimoja kidogo kilikosekana. Watu wakarudi kwenye madimbwi huku pampu ikitazama.

Lakini kuna mahali ambapo bila pampu hakuna maji. Ziwa Victoria liko chini, Butiama iko juu. Maji hayawezi kupanda yenyewe. Ndiyo maana mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022, unatumia pampu kuyatoa ziwani Mugango na kuyapandisha. Yakiingia kwenye matangi ya juu, yanashuka kwa watu kwa mserereko.

Kikundi kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo. Pampu ipandishe maji mara moja mpaka kwenye tangi, kisha koki zifanye kazi iliyobaki. Kabla ya kununua, chunguzeni kina cha maji. Pampu inayokaa juu ya ardhi na kuvuta maji haivuti vizuri maji yaliyo chini kupita mita 7 hivi. Kisima cha mita 12 kinataka pampu ya kuzamishwa, na bei yake ni nyingine. Ulizeni pia fundi na vipuri viko wapi. Kama jibu ni Mwanza, fikirini tena. Pampu ya kukanyaga kwa miguu haihitaji mafuta, na ya jua haihitaji dizeli, lakini zote zinahitaji fundi.

Kwa maoni yangu, anayepika pipa moja kwa wiki asinunue pampu. Kikundi kinachopika mapipa mengi, tena kina bustani ya mboga ya kumwagilia, kinaweza kufikiri. Bustani ndiyo itakayoilipa pampu, si pombe.

VYOMBO

Hili ni la hatari kuliko yote. Sisi ni wakulima wa pamba, na madumu ya dawa ya pamba yamezagaa. Dumu la dawa halioshwi likawa safi. Lisitumiwe kwa maji wala kwa pombe, hata likisuguliwa kwa majivu siku tatu. Pipa la mabati lafaa kwa maji, lakini pombe ina uchachu unaokula bati, na mnywaji anakunywa madini yale. Pombe ikae kwenye mtungi wa udongo au pipa la plastiki lililotengenezwa kwa vyakula. Plastiki isitiwe uji wa moto. Pampu iliyokodiwa shambani, yenye mafuta na dawa, isiguse pombe kamwe. Na maji ya ziwa au ya dimbwi yanayoongezwa baada ya kupika yachemshwe, maana huko kuna kipindupindu na homa ya matumbo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Paa lenu lina mita za mraba ngapi? Mvua ya milimita 15 itatoa lita ngapi?

2. Tuchukue mfano: pampu inatumia lita moja ya petroli kujaza mapipa 10. Kikundi kinapika mapipa 2 kwa wiki. Lita moja itatosha wiki ngapi? Linganisheni bei yake kwenu na faida ya pipa moja.

3. Pimeni kwa kamba kisima chenu. Maji yako chini mita ngapi wakati wa kiangazi?

Andikeni majibu daftarini, na mje nayo kwenye kikao kijacho.