Baba Mvuvi na Matunzo ya Mtoto

SWALI: Dada, nauza samaki Mwaloni, Kirumba. Baba wa mwanangu anavua dagaa Ukerewe. Nikidai matunzo, ananijibu mbalamwezi imetoka, hana kitu. Mahakama itampangia kiasi gani?

JIBU: Mdogo wangu, hakuna kiwango kimoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ule ukomo wa zamani wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa ulifutwa, nami nashukuru.

Mbalamwezi si uongo. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Lakini giza hurudi kila mwezi. Omba kipato chake kipimwe kwa miezi kadhaa, na upeleke mashahidi wanaojua mtumbwi na injini ni vya nani.

Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii. Mkishindwa kuelewana, nenda Mahakama ya Watoto. Hali ikibadilika, tuseme nyavu zake zimeibwa au mahitaji ya shule yameongezeka, yeyote kati yenu anaweza kuomba amri irekebishwe. Asipolipa, usimfuate ziwani kugombana. Rudi mahakamani uombe utekelezaji. Hata mali yake inaweza kukamatwa.