Daftari shingoni

*Binti yangu wa darasa la 5 hakumaliza kazi ya nyumbani. Mwalimu alimtundikia daftari shingoni, akamsimamisha wenzake wamcheke. Sasa kila asubuhi tumbo linamuuma. Nikilalamika, si ataandamwa zaidi? Mama, Koboko*

Mama huyu anachelea kumponza mwanawe. Hofu inaeleweka, ila tumbo hilo lisiitwe uvivu: aibu humfundisha mtoto kujificha, hesabu zikabaki palepale. Mbinu yenyewe ni kongwe. Shule nyingi za Uganda zilimvisha gunia au mfupa aliyeongea lugha ya kwao, lakini aibu haikuziua lugha hizo: Kilugbara bado kinanguruma sokoni Arua.

Tena Ibara ya 24 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza adhabu za kudhalilisha.

Kwanza amuulize binti kilichomkwamisha: foleni ya maji, taa kukosa mafuta, au swali lenyewe? Kisha amwone mwalimu faraghani baada ya vipindi (naye asiaibishwe), waafikiane kazi ifanyiwe shuleni kabla ya kuondoka. Asiposikilizwa, aende kwa mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule.

Maumivu yakiendelea, ampeleke kituo cha afya. Vitisho vikianza, apige 116, simu ya bure ya watoto.