Somo la Jiografia: Bonde la Lufira kwa Mutuka ya Kukodi



Kiisha mtihani wa Serikali, sisi wa mwaka wa sita tutatawanyika: wengine Likasi, wengine Lubumbashi, wengine Kolwezi. Miaka yote hii tumekula samaki wa ziwa Tshangalele na tumechora baraji ya Mwadingusha ubaoni, lakini wengi wetu hatujafika kule. Kwa hiyo tunataka kuchanga feza, tukodi mutuka siku moja, tuone bonde letu mbele ya kuachana. Namna ya kufanya ni hii.

1. Juu ya nini kukodi?

Treni na basi zinatupitisha tu. Mutuka ya kukodi inasimama pale tunapotaka. Wageni wanaotembelea Italia wanafanya vile: wanachukua mutuka Roma ao Pisa, wanaacha njia kubwa, wanaingia njia ndogo za Toscana katikati ya mizabibu na miji midogo ya zamani iliyo juu ya vilima. Inchi ile ilifungua njia kubwa ya mutuka, toka Milano kwenda upande wa maziwa, tangu 1924. Lakini anayebaki juu ya njia kubwa anaona paka lami.

2. Mapatano kwanza

Mbele ya kutoa feza, tusikilizane mambo haya, nayo yaandikwe, kila upande ushike karatasi yake:

a) bei ya siku, na saa ya kurudisha mutuka;
b) nani analipa mafuta na péage;
c) chakula cha shofere;
d) tairi ikipasuka ao mutuka ikiharibika, nani analipa.

Kisha tuizunguke mutuka: tairi ya akiba iko? Jeki iko? Freni, taa, karatasi za asiransi? Kila mkwaruzo uandikwe asubuhi, ili jioni tusilipishwe makosa ya wengine. Sisi hatuna ruhusa ya kuendesha, basi tukodi pamoja na shofere. Na tusijazane kama mifuko ya makala: viti vitano, watu watano.

3. Njia yenyewe

Tuanzie daraja la Lufira, barabara ya Lubumbashi. Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa waliokwenda kuokoa wenzao Wairlandi, waliozungukwa Jadotville (ndiyo Likasi ya leo), walizuiwa hapa.

Turudi Kapolowe, tushuke kwenye wavuvi. Ziwa hili halikuumbwa na mlima wala mvua peke yake. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na baraji ya Mwadingusha, iliyomalizika 1930. Maji yake si marefu, ndiyo sababu majani na ndege ni wengi. Lakini mito inayotoka upande wa viwanda vya Likasi inaingia humo pia, na wataalamu wamekuta shaba na kobalti ndani ya matope yake. Samaki wa sahani yetu anaishi pale. Tuwaulize wavuvi wazee wameona nini kubadilika.

Mwisho ni Mwadingusha, pale maporomoko yanapozungusha mashini za umeme. Union Minière iliijenga kwa ajili ya viwanda vyake; chini zaidi, Koni ilifuata 1950. Njiani tutazame juu: nyaya kubwa zinapita juu ya vijiji ambavyo usiku viko gizani. Jambo hili kitabu hakituonyeshi vizuri kama macho.

Njia za udongo ni nzuri wakati wa kiangazi. Mvua ikianza, matope yatatushika.

4. Heshima

Miji mingi ya zamani ya Italia inakataza mutuka za wageni kuingia katikati. Mashini inapiga picha ya namba, na malipo yanamfuata aliyekodi mpaka kwake. Wenye akili wanaacha mutuka inje, wanaingia kwa miguu. Na sisi tufanye vile: tusimame pembeni ya kijiji, tumsalimu chefu, tuseme tumekuja kujifunza, tuombe mbele ya kupiga picha. Kwa baraji, barua ya shule itangulie.

Maswali

1. Taja mambo manne ya kuandika mbele ya kukodi mutuka.
2. Ziwa Tshangalele lilitokea namna gani?
3. Umeme unapita juu ya kijiji na kijiji kiko gizani. Sababu ni nini? Ulizeni wazazi, mlete majibu.