Somo: Kabla ya Kamati Kulipa Ada ya Chuo

Wapendwa wanakamati na wafadhili, ada hutokana na mavuno ya washarika na sadaka za marafiki. Kabla ya kupitisha jina, kaeni na kijana pamoja na mzazi wake, mjibu maswali haya:

1. Je, masomo yake yanamruhusu? Aliyesoma HKL hawezi kuomba udaktari. Unahitaji Fizikia, Kemia na Biolojia.

2. Je, kozi inatambuliwa? Vyuo vikuu ulizeni TCU. Vyuo vya kati na ufundi, NACTVET. Cheti kisichotambuliwa hakimpatii ajira.

3. Atafanya kazi gani? Stashahada ya utabibu ni miaka 3. Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi. Msichague kwa ukubwa wa jina.

4. Je, deni analijua? Mwajiriwa aliyekopa HESLB hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Mshahara ni muhimu, lakini asiyependa hesabu msimsukumie uhasibu. Ataishia njiani, na ada hairudi.

Jadilini: Kati ya vijana tuliowasomesha, wangapi wanafanya kazi waliyoisomea?