UTUNZAJI WA MIGUU: FUNZA, MAGAGA NA VIDONDA

Wahenga walinena: Mdharau mwiba mguu huota tende. Neno hili lawafaa sana watu wa Ivuna na bonde la Rukwa. Tangu karne ya 13 chumvi imechemshwa penye chemchemi za Ivuna, na kazi hiyo, kama kilimo na uchungaji, yataka miguu mizima. Basi leo twaeleza maradhi matatu ya miguu na namna ya kuyatibu.

1. FUNZA. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazili, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kuvuka bara zima mpaka pwani ya mashariki, akichukuliwa miguuni mwa wasafiri. Ni kiroboto mdogo sana akaaye mchangani na vumbini. Jike huingia katika ngozi, hasa vidoleni na kisiginoni, akanywa damu na kuvimba hata akawa kama punje ya mbaazi. Kwa muda wa majuma mawili au matatu hutaga mayai mengi, nayo huanguka vumbini yakazaa funza wengine.

Watu wengi humchokoa funza kwa mwiba, au kwa sindano moja ipitayo mkono kwa mkono. Desturi hii ni ya hatari: yaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na UKIMWI. Dawa iliyo bora ni mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafa humo ndani, kisha akatoka ngozi inapojichubua. Mgonjwa aende zahanati akatibiwe, na aulize habari za chanjo ya pepopunda.

Lakini kutibu mguu bila kutibu nyumba ni kutwanga maji. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku. Mwenye uwezo aipige saruji. Mbwa na nguruwe wasilale ndani, maana nao huingiwa na funza. Watoto wavae viatu. Nyumba moja ikisafishwa na ya jirani ikaachwa, funza hurudi. Kwa hiyo yawapasa viongozi wa kijiji kuwaongoza watu wote pamoja. Walimu nao wasikubali mtoto mwenye funza achekwe. Funza si laana, na aibu humfanya mtoto afiche miguu yake, mwisho aiache shule.

2. MAGAGA. Visigino hupasuka kwa ukavu na kwa kutembea peku. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa robo saa, sugua polepole kwa jiwe, kausha, kisha pakaa mafuta kila usiku. Usikate kwa wembe.

3. VIDONDA. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Kisitiwe majivu wala mavi ya ng'ombe. Mguu ukivimba na kuwa wa moto, au homa ikiingia, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili pia kionwe na daktari. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, maana huweza kuumia asisikie maumivu.

Kila jioni, miguu ikiisha kuoshwa, wazazi wakague nyayo za watoto wao. Mwiba uonwao mapema hautii mtu kilema.