SOMO LA MWEZI: KUCHAGUA GITAA LA SAUTI NYINGI KWA AJILI YA KWAYA



Somo letu la mwezi huu linahusu gitaa la umeme. Pengine mama fulani atauliza, "Mimi sipigi gitaa, somo hili linanihusu nini?" Linakuhusu, mama, kwa sababu fedha za kulinunua zinatoka katika kikapu cha mboga ulizouza sokoni, na katika jasho la kijana aliyebeba matofali. Kitu kinachonunuliwa kwa michango ya watu wengi lazima kieleweke na watu wengi.

Shida yetu tunaijua wote. Kwaya zetu tulizotoka nazo Kongo zimezoea magitaa manne: solo, mi-solo, akompa (ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita rithimu) na besi. Lakini wapiga gitaa wetu wanaondoka. Mmoja anapata safari ya Marekani au Kanada, mwingine anaamua kurudi nyumbani. Kwaya iliyokuwa na wanne inabaki na wawili, pengine mmoja. Ndipo vijana wanasema: "Tununue lile gitaa la kisasa lenye kompyuta ndani. Hilo moja linakuwa magitaa yote." Je, ni kweli? Hebu tujifunze pamoja.

1. GITAA HILI NI KITU GANI?

Tuanze na gitaa la umeme la kawaida. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika, unaamsha umeme mdogo katika waya ule, na umeme huo unasafiri mpaka kwenye amplifaya na kutoka kama sauti.

Sumaku hizo ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina koili moja, kama ilivyo katika gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954. Sauti yake ni safi na kali, lakini hudaka mvumo wa umeme. Aina ya pili ina koili mbili zinazoondoa mvumo huo. Gibson waliitia katika gitaa lao la Les Paul mwaka 1957. Sauti yake ni nene na nzito. Kwa hiyo kila gitaa lina sauti yake, kama vile kila mwimbaji ana koo lake.

Gitaa la kuigiza sauti hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani ya daraja linaloshika nyuzi, kila uzi una kinasa sauti chake. Kompyuta ndogo inapokea sauti ya kila uzi na kuigeuza ifanane na Stratocaster, au Les Paul, au gitaa la mbao lisilo la umeme, au gitaa la nyuzi 12. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha kazi hiyo, VG-8, mwaka 1995, nacho kilikaa nje ya gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Line 6 ya Marekani iliiweka kompyuta ndani ya gitaa lenyewe na kuliita Variax. Mwaka 2007 Fender na Roland walishirikiana kutoa VG Stratocaster.

Hapa tuwe waangalifu, kwa maana vijana wetu huchanganya vitu viwili. Kuna gitaa linaloigiza magitaa mengine, ndilo hilo tulilolieleza. Na kuna kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ambacho huwekwa kati ya gitaa na spika. Hicho huigiza amplifaya mbalimbali na kuongeza mwangwi na mikwaruzo. Gitaa lolote la umeme linaweza kuchomekwa ndani yake. Ukienda dukani bila kujua tofauti hii, utauziwa kimoja ukidhani umenunua kingine.

2. FAIDA ZAKE

Tusilidharau gitaa hili. Mpigaji akizungusha kitufe kimoja, anatoka katika sauti kali ya sebene na kuingia katika sauti tulivu ya gitaa la mbao kwa wimbo wa maombi. Hahitaji kubeba magitaa matatu kwenda kwenye mkutano wa kijiji kingine.

Pia linaweza kubadilisha lugha ya nyuzi bila kugusa funguo. Nyuzi za kawaida tunazipanga mi, la, re, sol, si, mi. Kama kiongozi wa nyimbo ameanza juu sana au chini sana, mpigaji wa Variax za miaka ya 2010 anaweza kushusha au kupandisha nyuzi zote kwa kitufe.

3. MIPAKA YAKE

Kwanza, gitaa hili haliongezi mikono. Hili ndilo neno kubwa la somo letu. Lina sauti nyingi, lakini zinatoka moja baada ya nyingine. Mpigaji akiwa katika solo, hakuna anayepiga akompa. Akirudi katika akompa, solo imenyamaza. Kama kwaya imepungukiwa na watu, kompyuta haitaujaza upungufu huo.

Wazee wetu walijua jambo hili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga gitaa moja la mbao lisilo na umeme wowote. Kidole gumba kilishika besi, na kidole cha pili kikaimba juu yake. Watu walisikia kama magitaa mawili. Sauti zile nyingi zilitoka katika vidole vilivyofanya mazoezi.

Pili, umeme. Variax za kwanza hazikuwa na sumaku kabisa. Zilitumia betri 6 za AA, au umeme ulioletwa na waya wa pekee kutoka kisanduku chake. Betri zikiisha katikati ya ibada, gitaa linakuwa ubao tu. Zile za miaka ya 2010 zilitiwa sumaku za kawaida pia, na betri ikiisha unaweza kuendelea kwa sumaku. Lakini betri yake ni ya kuchaji, ya umbo lake pekee, hutaikuta katika duka la sokoni kwetu.

Tatu, matengenezo. Waya wa sumaku ukikatika, fundi wa redio anaweza kuuchomelea kwa risasi. Kompyuta ya ndani ikiharibika, fundi wetu hana kipuri wala mchoro wake.

Nne, ukibadilisha lugha ya nyuzi kwa kompyuta, nyuzi zenyewe hazijabadilika. Katika nyumba ndogo yenye spika ya sauti ya chini, mpigaji anasikia sauti mbili: ile ya spika na ile ya nyuzi mbele yake, nazo hazipatani. Anayejifunza atachanganyikiwa.

4. NJIA TUNAYOSHAURI

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza hukaa na kuhesabu gharama. Basi na sisi tuhesabu.

Ushauri wetu ni kutenganisha mambo. Nunueni gitaa la kawaida lenye sumaku za aina zote mbili: mbili za koili moja, na moja ya koili mbili karibu na daraja. Mfano unaojulikana ni Yamaha Pacifica 112V. Swichi yake ina nafasi tano, na kitufe kimoja kikivutwa juu, ile sumaku nene inakuwa ya koili moja. Hapo tayari mna sauti kali ya solo, sauti nene, na sauti nyembamba ya akompa, bila betri hata moja. Kampuni nyingine pia zina magitaa ya mpango huo, na lililotumika linafaa kama ni zima.

Kisha tafuteni kisanduku kidogo cha kukanyaga kinachoweza kutumia betri za kawaida. Kwa mfano, Zoom G1 Four hutumia betri 4 za AA. Faida yake nyingine ni kwamba, kwa kuwa kinaigiza amplifaya, kinaweza kuchomekwa moja kwa moja katika mikisa ya kanisa. Hamtalazimika kununua amplifaya ya gitaa. Kisanduku kikifa, gitaa linabaki. Gitaa likivunjika shingo, kisanduku kinabaki. Lakini vyote vikiwa katika mwili mmoja, kimoja kikiugua vyote vinalala.

Na mi-solo je? Hapa tunafurahi kuwakumbusha vijana jambo la nyumbani. Toeni uzi wa nne, ule wa re, wekeni mahali pake uzi mwembamba kama uzi wa kwanza, mkaze mpaka ufike re ya juu, yaani toni moja tu chini ya uzi wa kwanza. Gitaa linaanza kulia kama mi-solo ya rumba yetu. Jambo ambalo kompyuta hulifanya kwa fedha nyingi, sisi tunalifanya kwa bei ya uzi mmoja.

Fedha zinazobaki zisirudishwe zote mfukoni. Tafuteni gitaa la pili, la bei ndogo, hata kama ni zee, kwa ajili ya wanafunzi. Tukigawa fedha zetu katika mafungu kumi, tungeweka matano kwa gitaa kuu, mawili kwa kisanduku, moja kwa nyuzi za akiba, waya na mfuko, na mawili kwa gitaa la kujifunzia. Fungu hili la mwisho ndilo linaloongeza mikono.

5. KULIPIMA DUKANI

Safari ya mjini ni nauli na siku nzima, na kwa wengine ni kibali pia. Aliyetumwa hawezi kurudi kesho kubadilisha. Kwa hiyo tumeni watu wawili, mpigaji na mzee mmoja wa kamati, na wapime hivi:

(a) Shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye fito ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Katikati pawe na uwazi mdogo sana, kama unene wa karatasi ngumu. Uwazi mkubwa, au kukosa uwazi kabisa, ni dalili ya shingo iliyopinda.

(b) Ukweli wa sauti. Gusa uzi juu ya fito ya 12 bila kuubonyeza na usikilize, kisha ubonyeze hapo hapo na upige tena. Sauti mbili ziwe sawa.

(c) Fito zote. Piga kila uzi kutoka fito ya kwanza hadi ya mwisho. Sikiliza kama kuna mahali panapokoroma au panapokufa.

(d) Umeme. Pitisha swichi katika nafasi zote tano. Zungusha vitufe vyote. Tikisa waya taratibu mahali unapochomekwa. Kama sauti inakatika, usilipe kwanza.

(e) Kisanduku. Fungua mahali pa betri. Ukiona kutu ya kijani, kiache. Soma adapta yake. Umeme wa nchi hizi ni volti 220 hadi 240, lakini adapta nyingine zilizotoka Marekani ni za 120, na za Japani ni 100. Ukizichomeka hapa zitaungua.

(f) Muda. Mpigaji akae na gitaa kwa nusu saa, akalipige ameketi na amesimama. Kipimo cha mwisho ni mwili na mkono wake.

6. BAADA YA KUNUNUA

Jenereta iwashwe kwanza na itulie, ndipo vyombo vichomekwe, sauti ikiwa chini. Mpigaji akigusa nyuzi na mikrofoni pamoja akahisi shoti, aache mara moja. Waya wa ardhini una kasoro, na shoti ya namna hiyo imeua watu. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, na gitaa lisilale chini ya paa linalovuja.

Gitaa liandikwe katika kitabu cha mali za kwaya pamoja na namba yake. Jambo hili tuseme wazi siku ya kununua, siyo siku ya kuagana. Ndugu yetu akipata safari, tutamwombea na kumsindikiza kwa furaha, naye ataliacha gitaa mikononi mwa yule aliyemfundisha. Tusipoweka utaratibu huu, baraka ya safari yake itakuwa ugomvi wa kwaya.

Kwa hiyo wapendwa, tunapohesabu gharama ya gitaa, tuhesabu pia vijana wangapi watakaolipiga mwaka ujao. Tukiwa na mmoja tu, bado hatujamaliza kununua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwaya yetu imepungukiwa na sauti, au imepungukiwa na watu?
2. Umeme tulio nao siku ya ibada ni wa namna gani, na ukikatika tutafanya nini?
3. Ni vijana gani wawili, wa kike au wa kiume, watakaoanza kujifunza mwezi huu, na nani atawafundisha?
4. Kitabu cha mali za kwaya kiko wapi, na nani anakitunza?

Mungu awabariki.