Usimwage unga wa kapsuli kwenye kidonda

Huenda wewe pia umewahi kufungua kapsuli ya antibiotiki na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Mama mmoja muuza mboga alinijia akiwa amefanya hivyo kwa wiki tatu. Alikuwa amekatwa na chupa kwenye kidole cha mguu, akakiacha kidonda wazi ili kipigwe na upepo. Juu kilikuwa na kigaga kigumu. Nilipokilainisha na kukiondoa, chini yake palijaa usaha. Tulipompima damu, kumbe alikuwa na ugonjwa wa kisukari bila kujua.

Mama huyo alifanya makosa mawili, nayo ndiyo somo letu juma hili.

Kosa la kwanza ni kukausha kidonda. Mwaka wa 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alifunika vidonda vya nguruwe kwa karatasi nyembamba ya plastiki na kuacha vingine wazi. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi takriban maradufu. Sababu ni kwamba ngozi mpya hutambaa kutoka kandokando ya kidonda, na huteleza kwa urahisi mahali penye unyevu. Ikikuta kigaga kikavu, hulazimika kujipenyeza chini yake.

Kosa la pili ni kipimo cha dawa. Unga unaomwagwa huwa mwingi mahali pamoja na haupo kabisa mahali pengine. Huweza kuleta mzio, na viini vinavyoguswa na dawa haba huweza kuwa sugu.

Wanasayansi wanajaribu kutatua mambo haya mawili kwa pamoja, kwa kutengeneza utando mwembamba mno wenye dawa. Unene wake hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kitambaa cha kidonda huchovywa katika maji yenye polima ya chaji chanya, kikasuuzwa, kisha kikachovywa katika polima ya chaji hasi. Chaji hizi huvutana, na tabaka moja hushika lingine, mfano wa chapati ya tabaka. Dawa huwekwa humo ndani, nayo hutoka polepole kidonda kinapoulowesha utando. Kwa kuongeza au kupunguza tabaka, mtengenezaji huamua kiasi cha dawa.

Kwa nini kiasi kiwe muhimu hivyo? Chukua madini ya fedha, ambayo huua bakteria. Yakizidi, huua pia chembe za ngozi zinazojaribu kuziba kidonda. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jinsi utando wa aina hii, wenye fedha isiyofika sehemu moja ya milioni ya gramu kwa kila sentimita mraba, ulivyoua bakteria maabarani huku chembe za panya zikiendelea kukua juu yake. Hata hivyo, maabara si mwili wa binadamu, kwa hivyo usikimbilie dukani kuuliza utando huo.

Lakini kanuni yake unaweza kuifuata nyumbani leo. Osha kidonda kidogo kwa maji safi yanayotiririka. Kipake vaselini safi kiasi ili kisikauke, kisha ukifunike kwa bandeji isiyonata. Ibadilishe kila siku, au mapema zaidi ikilowa au kuchafuka. Usitie unga wa kapsuli, dawa ya meno wala majivu.

Mwone daktari upesi iwapo kidonda ni kirefu, umeumwa na mnyama, au hujui ulidungwa lini sindano ya pepopunda. Fanya hivyo pia ukiona usaha, wekundu unaoenea, homa au maumivu yanayozidi. Na ikiwa una kisukari, kidonda chochote cha mguu ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Kisukari huua hisia za miguu, na kutouma si dalili ya kupona.

Yule mama alipona baada ya zaidi ya miezi miwili, lakini kidole chake hatukuweza kukiokoa.